Kubadilisha madirisha Pwani: aina ipi itasimama tufani ikija

Mwenye nyumba wa Mtwara, Lindi, Kilwa au Mafia akiamua kung'oa madirisha ya zamani, swali la kwanza atakaloulizwa na fundi aluminiamu ni la rangi: fedha, kahawia au nyeupe? La pili ni futi ngapi kwa ngapi. Maswali yanayoamua kama nyumba itabaki na paa lake hayaulizwi kabisa: bawa (sehemu ya dirisha inayofunguka) linafungukia upande gani, ukingo wa reli ya chini ambamo bawa huteleza una kimo gani, fremu imeshikwa na nini ukutani, na kioo kikipasuka kitabaki mahali pake au kitamwagika chini.

Paa linaingiaje katika habari ya dirisha? Upepo mkali unapopita juu ya bati tayari unalinyonya kwenda juu. Dirisha la upande unaopigwa na upepo likivunjika, upepo unaingia ndani, haupati pa kutokea, na unaanza kulisukuma bati lile lile kutoka chini. Nguvu ya juu na nguvu ya chini zinajumlishwa, na mzigo unaozivuta kenchi na misumari unaweza kukaribia maradufu. Nyumba nyingi zinazoezuliwa katika vimbunga huanza kushindwa kwenye mlango au dirisha. Kwa hiyo anayepanga kuimarisha paa au madirisha asiyatenganishe mambo haya mawili.

Kimbunga kamili si jambo la kila mwaka huku kwetu. Karibu na ikweta vimbunga hukosa msukumo wa kujizungusha unaotokana na mzunguko wa dunia, ndiyo maana Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini, haina hofu sawa na Mtwara iliyopita nyuzi 10. Lakini vimefika. Aprili 1872 tufani iliipiga Zanzibar na kung'oa mikarafuu ya Unguja; Aprili 1952 nyingine ilipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia, kwa bahati kikiwa kimeshapungua nguvu. Msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa Novemba hadi Aprili, na Hidaya haikuujali. Halafu kuna dhoruba za masika, ambazo hazibebi jina lolote lakini ndizo zinazolowesha magodoro kila mwaka. Dirisha linalochaguliwa kwa ajili ya kimbunga ndilo hilo hilo litakalozuia maji ya masika. Kinyume chake hakiko.

Hesabu fupi ya upepo na maji

Chukua mwendo wa upepo kwa mita kwa sekunde, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Jibu ni msukumo kwa paskali. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde, hivyo msukumo wake ni paskali 473, takriban uzito wa kilo 48 juu ya kila mita ya mraba. Dirisha la futi 5 kwa 5, karibu mita 1.5 kwa 1.5, linabeba kilo 108 kwa mkupuo. Upepo ukifika kilomita 150, mwendo umeongezeka nusu tu lakini mzigo umezidi maradufu: kilo 240 na zaidi. Ukifika 200, mzigo ni mara nne ya ule wa 100.

Mzigo huo haubaki upande mmoja. Upande wa nyuma wa nyumba na kwenye pembe, upepo hunyonya badala ya kusukuma, na kioo huvutwa kwenda nje. Tena kimbunga kinapopita, upepo hugeuka: saa moja unatoka baharini, baada ya saa chache unatoka bara. Kuimarisha madirisha yanayotazama bahari na kuyaacha ya uani ni kufanya nusu ya kazi.

Sasa maji, na hapa ndipo penye siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Upepo unaopiga dirisha unasukuma pia maji yaliyokusanyika kwenye reli ya chini. Kila paskali 10 zinaweza kupandisha maji takriban milimita 1. Upepo wa kilomita 60 unapandisha maji milimita 17. Wa 80, milimita 31. Wa 100, milimita 48. Wa 120, karibu milimita 70. Chukua tepu upime ukingo wa ndani wa reli ya dirisha la kusukuma, kuanzia pale maji yanapokaa hadi ukingo unapoishia. Ukiwa wa milimita 25, maji yatauruka upepo ukifika kama kilomita 72 kwa saa, hata kama dirisha ni jipya, limefungwa vizuri na raba zake zote ziko salama. Fundi atalaumiwa, atakuja na silikoni, ataziba kila penye ufa, na mvua ijayo maji yataingia tena, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Reli ni fupi, basi.

Aina kwa aina

Dirisha la kusukuma pembeni limeenea Pwani nzima kwa sababu zenye mantiki. Halifunguki nje, kwa hiyo grili inakaa nje bila kulizuia. Lina reli ya tatu ya kuwekea wavu wa mbu. Halipigwi na upepo likiachwa wazi. Ni rahisi kutengeneza, na kila mji una fundi wake. Lakini ili bawa liteleze, lazima liachiwe nafasi, na nafasi hiyo huzibwa kwa brashi ya manyoya badala ya raba iliyobanwa. Brashi hupunguza upepo tu, haiuzuii. Pale mabawa mawili yanapokutana katikati kuna mfumo wa kushikana ambao kwenye aluminiamu nyepesi hupinda upepo unaposukuma, na ukipinda vya kutosha mabawa huachana. Lingine: bawa huingizwa kwenye fremu kwa kuinuliwa juu, hivyo mtikisiko wa upepo unaweza kuliinua litoke. Mwizi naye anaijua njia hiyo.

Kama grili za nje zipo tayari na hazitaondolewa, na dirisha la kusukuma ndilo pekee linalowezekana, basi lidai mambo haya. Ukingo wa ndani wa reli usipungue milimita 50, na kwa dirisha linalotazama bahari moja kwa moja bora ukaribie 70. Matundu ya kutolea maji yawe mawili au matatu kwa kila dirisha, kila moja kama milimita 5 kwa 30, yenye vifuniko vya nje vinavyofunguka kwa maji na kujifunga kwa upepo. Kila bawa liwe na vizuizi juu vinavyozuia kuinuliwa. Bawa moja lisizidi upana wa milimita 750 kwa aluminiamu ya kawaida. Uwazi wa futi 6 ugawanywe kwa nguzo ya kati yenye chuma ndani; mabawa mawili makubwa hayafai hapo.

Dirisha la bawaba za pembeni linalofungukia nje lina tabia tofauti kabisa. Likifungwa, upepo unaolipiga unalikandamiza kwenye raba ya fremu, na kadiri upepo unavyozidi ndivyo linavyobana. Uwazi wake wote hutumika kupitisha hewa, wakati lile la kusukuma hutoa nusu tu, jambo kubwa kwa Lindi mwezi wa Februari. Ubaya wake ni likisahauliwa wazi. Bawa la upana wa sentimita 70 likishikwa na upepo wa ghafla hung'oa mikono yake ya chuma na kwenda zake. Kwa hiyo bawa lisizidi sentimita 60 hadi 65 kwa upana, liwe na makomeo yanayofunga sehemu mbili au tatu kwa mpini mmoja, na mikono iwe ya chuma kisichoshika kutu, ya urefu unaolingana na uzito wa bawa. Wakati wa kunyonya, kinacholizuia bawa lisitoke ni makomeo hayo na mikono hiyo peke yake. Komeo moja katikati ya bawa refu huacha pembe ya juu na ya chini zikipepea.

La bawaba za juu, linalosukumwa nje kutokea chini, ndilo tunalolipendekeza kwa vyumba vingi vya nyumba ya Pwani. Linabanwa na upepo kama lile la pembeni, na zaidi ya hapo linaweza kuachwa wazi kidogo mvua ikinyesha kwa kuwa lenyewe ni kinga: maji huteremkia nje. Usiku wa masika wenye joto, hilo si jambo dogo. Kimo chake kisizidi sentimita 90. Halifunguki sana, kwa hiyo hewa yake ni pungufu kuliko ya bawaba za pembeni. Dawa ni kuweka mawili, moja chini na jingine juu, hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu.

Dirisha linalofungukia ndani linafaa mahali pengine, si hapa. Upepo unalisukuma kutoka kwenye raba zake, na mzigo wote unaangukia komeo.

Luva za vioo ndizo zilizokuwa kwenye nyumba nyingi za miaka ya nyuma, na hewa yake haina mshindani. Lakini kila kioo kimeshikwa na vibanio viwili vya bati jembamba tu, na vioo havibanani bali vinalaliana. Maji hupita hata kwa upepo wa kawaida. Zing'olewe vyumbani na sebuleni. Zinaweza kubaki chooni au stoo penye varanda au paa lililotokeza mbele vya kutosha.

Kioo kisichofunguka ndicho imara kuliko vyote, kwa bei nafuu. Sebule yenye uwazi wa futi 8 haihitaji kufunguka yote. Kioo kilichofungwa katikati, mabawa mawili membamba ya bawaba pembeni: mpangilio huo unatoa hewa, unatoa mandhari, na unaondoa mabawa makubwa yanayosumbua.

Grili na wavu ndivyo vinavyoamua

Watu wengi hufikiri wanachagua dirisha. Kwa kweli grili imeshawachagulia. Ikiwa nje, bawa la kufungukia nje haliwezekani. Ikihamishiwa ndani, mlango wa aina zote bora unafunguka, na wavu wa mbu unakaa kati ya grili na bawa, au kwenye fremu yake nyembamba inayochomoka upande wa ndani, yenye kidirisha kidogo cha kupitishia mkono hadi kwenye mpini. Gharama ya kuhamisha grili ni ya kukata, kuchomelea upya na plasta. Inaweza kuwa ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya aina mbili za aluminiamu.

Grili ya nje ina faida moja ya kweli wakati wa tufani: hupokea tawi la mwembe au nazi kabla haijafika kwenye kioo. Karatasi ya bati iliyong'oka kwa jirani, hata hivyo, hupenya ubavu ubavu kati ya nondo zilizoachana sentimita 12. Popote itakapokaa, grili ya chumba cha kulala angalau moja iwe na kipande kinachofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo mtoto anaufikia na mkono wa mtu wa nje haufiki. Moto na mafuriko havisubiri grenda.

Kioo

Kioo cha kawaida cha milimita 4 kisitumike kwenye dirisha kubwa la nje pwani. Milimita 5 inatosha kwa mabawa madogo, 6 kwa vipande vya kati. Lakini unene si habari yote, maana kinachovunja kioo katika tufani mara nyingi ni kitu kilichorushwa.

Kioo cha tempa, yaani kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla, kina nguvu takriban mara nne ya cha kawaida na kikivunjika huwa punje ndogo zisizokata vibaya. Ni salama kwa watu. Kwa tufani kina kasoro moja: kikivunjika kinamwagika chote, na uwazi unabaki mtupu mbele ya upepo. Hakikatwi wala kutobolewa baada ya kupikwa, kwa hiyo vipimo vikikosewa kinatupwa. Kioo halisi cha aina hii huwa na muhuri mdogo wa kudumu kwenye pembe, usipouona, uliza.

Kioo cha laminati ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Cha kawaida sokoni ni cha milimita 6.38: vioo viwili vya milimita 3 na utando wa 0.38. Kikipigwa kinapasuka, lakini vipande vinabaki vimeshikwa na utando, na upepo hauingii. Huo ndio msingi wa madirisha yaliyotokana na funzo la jimbo la Florida, Marekani. Baada ya Kimbunga Andrew cha Agosti 1992, kusini mwa Florida kuliwekwa sharti kwamba dirisha lipigwe na mbao ya inchi 2 kwa 4 yenye uzito wa kilo 4.1 kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, kisha lisukumwe na kuvutwa maelfu ya mara bila kutoboka. Utando unaopita majaribio ya aina hiyo ni mnene zaidi, mara nyingi milimita 1.52 hadi 2.28. Laminati ya 6.38 haipiti jaribio hilo, ila ni bora mbali sana kuliko kioo kitupu.

Tahadhari: laminati iliyopasuka inalegea kama kitambaa, na ikiwa imeshikwa kwa raba tu, upepo utaivuta yote itoke kwenye fremu. Iingie ndani ya fremu angalau milimita 12 na igandishwe kwa silikoni pande zote nne. Bila hilo, fedha ya ziada imepotea.

Aluminiamu, skrubu na chumvi

Unene wa aluminiamu yenyewe upimwe. Milimita 1.0 ni nyepesi kwa nyumba inayotazama bahari, 1.2 ni kiwango cha chini, na nguzo za kati ziwe 1.4 au zaidi. Kipande kilichokatwa kinapimwa kwa kalipa pale pale karakana, na muuzaji anayekataa kukuonyesha kipande ameshakujibu. PVC (plastiki) ngumu hailiwi na chumvi na ni nzuri, mradi mabomba yake yana chuma ndani, kwa maana bila chuma inapinda kwa jua na kwa upepo. Mbao za mvule au mninga bado zinafaa kwa anayeweza kuzipaka mafuta kila mwaka.

Kinachoharibu madirisha ya pwani kwanza si aluminiamu, ni skrubu. Skrubu ya chuma iliyopakwa zinki ikikutana na aluminiamu na unyevu wa chumvi, huoza na kuila aluminiamu iliyo karibu nayo. Unga mweupe unaoonekana kuzunguka vichwa vya skrubu ndiyo dalili. Chukua sumaku: skrubu ikishikwa kwa nguvu, huenda ni chuma cha kawaida. Iliyo bora kwa pwani ni ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. 304 inakubalika kwa nyumba iliyo ndani kidogo. Kasoro ya pili ni saruji mbichi. Chokaa yake huunguza aluminiamu na kuacha madoa yasiyofutika, hivyo plasta ya kingo imalizwe na kukauka kabla fremu haijafika, na karatasi ya kinga isibanduliwe mapema.

Kung'oa, kupima, kufunga

Fremu ya mbao ya zamani isiachwe ndani ili mpya ipigiliwe juu yake. Mchwa na maji vimeshaila upande usioonekana, na dirisha jipya litakuwa limeshikwa na unga. Kata fremu katikati ya kila upande kwa msumeno, ivute kwa ndani, na mikia ya chuma iliyojengewa ukutani ikatwe kwa grenda badala ya kung'olewa kwa nyundo, maana kuing'oa kunapasua tofali. Angalia linta, boriti iliyo juu ya uwazi: ikiwa na ufa ulioanzia pembeni, kazi ya dirisha isimame hadi hilo litatuliwe.

Pima upana sehemu tatu, juu, katikati na chini. Kimo sehemu tatu vile vile. Kisha pembe kwa pembe. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote na upunguze milimita 10 hadi 15, ili kila upande ubaki na nafasi ya milimita 5 hadi 7. Tofauti ya pembe kwa pembe ikizidi milimita 10, ukuta unyooshwe kwanza. Fundi anayebana fremu kwenye uwazi bila nafasi hataweza kuingiza silikoni, ataipaka juu juu tu kama rangi.

Kushikiza fremu ndiyo sehemu inayoibiwa zaidi. Tofali zetu za saruji na mchanga mara nyingi ni dhaifu, na plasta yenyewe haishiki kitu. Skrubu ya milimita 50 ikitoa 7 za nafasi na 20 za plasta, imebaki na chini ya sentimita 2.5 ndani ya tofali. Tumia ya milimita 100 yenye plagi yake ndefu, na toboa bila kupiga nyundo ya drili, maana tofali dhaifu inapasuka kwa ndani na plagi inazunguka. Tofali zikimeguka kabisa, bora kumwaga mkanda wa zege kuzunguka uwazi. Skrubu ya kwanza iwe sentimita 15 kutoka pembeni, zinazofuata kila sentimita 40. Kwa futi 5 kwa 5 hiyo ni skrubu 4 kila upande, 16 kwa jumla, za chini zikipitia vishikizo kama itakavyoelezwa. Madirisha yanayong'oka mazima mazima pamoja na fremu yake mara nyingi yana chache kuliko hizo.

Nyuma ya kila skrubu pakae kipande cha plastiki cha kujazia nafasi. Bila hicho, skrubu inavuta fremu na kuipinda, na bawa halikutani tena na raba. Vipande vya mbao vitaoza. Na reli ya chini isitobolewe kwa skrubu: kila tundu pale ni mfereji wa kuingiza maji ukutani. Tumia vishikizo vya bati nene vinavyoshuka upande wa ndani.

Nafasi izibwe kwa kamba ya povu kwanza, kisha silikoni juu yake, ndani na nje. Chagua silikoni isiyonuka siki. Ile ya kunuka siki haigandi vizuri kwenye saruji na inachochea kutu. Povu la kupuliza linajaza nafasi tu. Halizuii maji wala halishiki fremu. Kizingiti cha nje kishuke kama sentimita 1.5 kwa kila sentimita 10, kitokeze ukutani sentimita 4 au 5, na chini ya ukingo wake pachorwe mfereji mwembamba ili tone lianguke badala ya kurudi ukutani. Kizingiti bapa ndicho chanzo cha madoa yale ya ukungu chini ya madirisha mengi.

Wenye bajeti ndogo

Nyumba za kale za Zanzibar na Lamu zilikuwa na mabawa mazito ya mbao, na wazo lile halijapitwa. Dirisha la kawaida lenye bawa la mbao nje linaweza kuishinda laminati ya bei kubwa. Pasipo hilo, kata plaiwudi ya milimita 18 mapema, ipite ukingo wa uwazi sentimita 10 kila upande, iandike jina la dirisha lake, na uache plagi ukutani kila sentimita 30 tayari kwa skrubu. Kazi hiyo haifanyiki upepo ukishaanza. Kama fedha zinatosha madirisha machache tu, anza na makubwa kuliko yote na yale ya chumba ambacho familia itajikusanya.

Kubandika utepe wa gundi kwa alama ya X kwenye kioo hakuongezi nguvu yoyote; hufanya vipande viwe vikubwa zaidi. Kufungua dirisha la upande wa pili ili upepo upite, ushauri unaosikika sana, ni kuongeza njia za upepo kuingia, na upepo ukigeuka dirisha hilo ndilo litakalokuwa mbele. Funga yote.

Kabla ya kulipa salio

Mimina lita moja ya maji kwenye reli ya chini. Yatoke nje yote ndani ya dakika moja au mbili. Yakikaa, matundu yamezibwa kwa plasta au silikoni, kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote. Halafu chukua mpira wa maji. Anza kunyunyizia kizingiti peke yake kwa dakika tano, mtu akiwa ndani na tochi. Kisha pembe za chini, kisha pande, mwisho juu. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi. Yakionekana kwenye pembe ya fremu, maungio ya pembe hayakupakwa silikoni ndani wakati wa kuunga. Yakionekana katikati ya dirisha la kusukuma, mabawa hayashikani. Yakitokeza ukutani chini ya dirisha baada ya nusu saa, fremu haina kosa, tatizo ni kizingiti au skrubu ya reli.

Kila Oktoba, kabla ya msimu, osha reli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa mchanga kwenye matundu, kaza makomeo, na badilisha raba zilizokauka. Raba nzuri ukiibonyeza kwa kucha inarudi. Iliyokufa inabaki na alama.